Kabla hujamsingizia fuko: kwa mnaoanza uchimbaji wa akiolojia kwenye bustani za abasia

Jumatatu kijana wetu mmoja, katoka Dar juzi tu, kaokota kipande cha shina la kiko kwenye chekeche, kakigeuza, kakirusha kwenye lundo la udongo. "Takataka tu hii, kaka." Sikumfokea. Nilikwenda kukaa kwenye gari nikanywa chai, maana miaka 12 iliyopita mrusha viko nilikuwa mimi.

Wadogo zangu, haya:

1. Anza na bustani, wamonaki baadaye. Mnakuja Uingereza na picha ya abasia zetu za Peramiho na Ndanda vichwani: kengele, kanisa, karakana. Mkipelekwa Fountains Abbey, magofu ya abasia kule Yorkshire, mnakariri kwamba watawa 13 walitoka York mwaka 1132, na kwamba Henry VIII aliifunga 1539, halafu daftari linafungwa nayo. Baada ya hapo je? Madini ya risasi yaliyoezekwa paani yaling'olewa. Mawe yakaenda kujengea jumba la Fountains Hall. Jirani, pale Studley Royal, John Aislabie, waziri wa fedha aliyetimuliwa bungeni 1721 kwa kashfa ya kampuni ya South Sea, akajizika kwenye mabwawa na mifereji ya bustani yake. Mwanawe William akanunua magofu yenyewe 1767, akayafanya pambo la mwisho wa matembezi, akaondoa vifusi na kusawazisha. Sasa niambie, vifusi hivyo vilikwenda wapi? Nyasi zilizolala kama zulia pale, kuna mtu alizilaza.

2. Kiko. Bustani yangu siitaji, ilikuwa ya aina hiyohiyo. Mtaro wa mita 2 kwa 4, kando ya ukuta. Chini ya nyasi nikakuta changarawe iliyoshindiliwa, ina vipande vya chokaa. Mimi nimelelewa na magofu ya pwani. Nikiona chokaa, moyo unaniambia nyumba imeanguka hapa. Nikaandika kwenye fomu ya kumbukumbu za tabaka, kwa kalamu, wala si penseli: "Kifusi cha kubomolewa kwa abasia, karne ya 16." Nikashika sururu.

Kikatoka kipande cha kiko. Wakati abasia zinafungwa, Waingereza walikuwa hawajaanza kuvuta tumbaku, kwa hiyo kiko hakikuwa na haki ya kuwa mle. Badala ya kubadili tarehe, nikaandika: "Kimeingizwa na fuko," yule mnyama mdogo anayechimba vichuguu chini ya nyasi. Kikatoka cha pili. Fuko tena. Cha tatu sikukiandika kabisa, nilikirusha. Kufika alasiri nilikuwa nimemaliza tabaka lote, nimesimama juu ya udongo mtupu wa mfinyanzi, najisifu kwa kasi.

Asubuhi msimamizi wetu, mama mtu mzima asiyepandisha sauti, akashuka mtaroni, akapitisha ncha ya mwiko kwenye seksheni, yaani ukuta wa mtaro unaoonyesha matabaka. Changarawe ilikuwa imeinuka katikati, imeteremka pembeni, ili maji yasituame. Ilikuwa njia ya matembezi ya karne ya 18. Imechorwa kwenye ramani ya zamani ya shamba, ambayo nakala yake ilikuwa kwenye begi langu, haijafunguliwa.

"Njia yenyewe iko wapi?" akauliza.

Nikanyosha kidole kwenye lundo.

Akatazama lundo, akatazama fomu. "Na huyu fuko wako, anavuta tumbaku ya aina gani?"

Kilichobaki cha njia ile ni unene wake kwenye kuta za mtaro wangu. Fomu zangu akakataa nisizichane. Nilizikata kwa mstari mmoja, nikaandika mpya, zote mbili zikahifadhiwa. Ziko huko mpaka leo, na jina langu juu.

3. Jiwe lililochongwa usilisogeze kabla ya kupiga picha, hata likikuzuia kupita.

4. Rada ya kupima chini ya ardhi kwanza. Fountains walipima ardhi ya makaburi ya watawa wakaona mamia ya makaburi bila kuchimba hata shimo moja.

5. Soksi jozi mbili. Mvua ya Yorkshire haina msimu, na mimi siazimishi.

Nilipomaliza chai nilirudi tukapekua lundo pamoja, yeye na mimi, magoti kwenye matope, saa nzima. Tukapata vipande viwili. Kijana akachukua lebo, akafikiri kidogo, akaandika "fuko?" Nikamnyang'anya kalamu.