Barua kwa mwanangu: mkate wa nyama usio na ngano

Njoro, Jumanne jioni

Mama,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, ule mkate wa nyama ya kusaga niliokuwa nikiwapikia Krismasi, utashikana kweli bila slesi za mkate ndani yake, maana daktari amemkataza mkwe wangu ngano maisha yake yote? Pili, Jumamosi wakwe zako wakija, umpikie mume wako kamkate kake kando na nyinyi wengine mle ule wa kawaida? La kwanza, utashikana, tena vizuri. La pili, hapana. Pika wa aina moja, wote mle huo huo.

Nianze na hilo la pili kwa sababu ndilo litakalokuponza. Hii siliaki, ugonjwa wa mume wako, si kama mtu aliyeambiwa apunguze chumvi. Gluteni, ile protini iliyo ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya rai, ikifika tumboni mwake, kinga ya mwili inaipiga vita, na vita hivyo vinauharibu utumbo wenyewe, ule ukuta unaofyonza chakula. Ndiyo maana alikuwa anakula na bado anakonda. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoruhusiwa kuandikwa kwamba hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 katika kilo moja. Miligramu, si gramu. Vumbi la unga lililobaki kwenye mwiko linaweza kukuharibia kazi yote. Sasa wewe, nyumba imejaa wageni, mikate miwili iko ovenini, visu vinapita mkono kwa mkono, utalinda nini? Halafu sipendi kabisa picha ya mwanamume ameketi mezani kwake, mbele ya wazazi wake, anakula kutoka kibakuli chake kama mgonjwa wa wodini.

Umesema mama mkwe wako anaona huu ni ugonjwa wa kizungu wa kuchagua chakula. Usibishane naye. Akiuliza, msimulie habari za Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Alikuwa ameshaishuku ngano kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 Uholanzi ikapigwa na njaa, mkate ukaadimika, na wagonjwa wake wadogo wenye tatizo hili wakaanza kupata nafuu wakati watoto wengine wanadhoofika. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Mama yule amelea watoto, hiyo ataielewa. Halafu umkumbushe kwamba mtama, wimbi, muhogo, mahindi na mchele havina gluteni kwa asili yake. Ugali wa mtama na muhogo aliomlea nao mwanawe haukumkosea kitu. Vilivyomdhuru ni chapati, mandazi na mkate wa dukani, na mimi ninayekuandikia nimezungukwa na mashamba ya ngano, hapa Njoro ambako ngano kutoka nchi nyingi huletwa kujaribiwa dhidi ya ugonjwa wa kutu ya shina. Mungu ana utani wake.

Sasa mapishi. Watu wengi hudhani mkate unatiwa kwenye nyama ili iongezeke. Sivyo, au si hivyo tu. Nyama ya kusaga ikipata moto inajikunja na kukamua maji yake, ndiyo unapata kile kitu kigumu kinachokwama kooni. Mkate uliolowekwa maziwa unakaa katikati ya chembe za nyama, unazizuia zisibanane, na ule wanga unayashika maji yasikimbie. Kwa hiyo tunachotafuta ni wanga laini ulioshiba maziwa. Ngano si lazima.

Tumia wali. Najua utaniambia kuna unga wa muhogo tele hapo sokoni Kibuye, na kweli ungeshika. Lakini unga umepita kwenye posho mili, na hujui aliyekutangulia alisaga nini, huenda ni ngano ya chapati au mchanganyiko wa uji wenye kila nafaka. Mchele ni punje nzima. Unauchambua kwa macho yako na kuuosha kwa mikono yako. Na uko Kisumu, mchele wa Ahero uko mlangoni kwako. Usinunue wa bei kali unaoachana punje punje. Nunua ule unaoshikana, upike kwa maji mengi hadi upitilize kidogo, kisha uuponde ungali moto pamoja na maziwa. Kwa kilo moja ya nyama weka kikombe kimoja cha wali na nusu kikombe cha maziwa. Uache upoe kabisa. Wali wa moto ukikutana na nyama mbichi utayayeyusha mafuta kabla ya wakati, na Kisumu kwenu joto halihitaji msaada.

Kitunguu kikubwa kimoja kikate kidogo kidogo, kikaange kwa mafuta hadi kilainike na kuanza kuwa rangi ya dhahabu, tia saumu mwishoni, nacho kipoe. Usitie kitunguu kibichi, kitatoa maji na kuupasua mkate. Mayai mawili, chumvi vijiko vidogo viwili visivyo na kilima, pilipili manga, karoti iliyokunwa ukipenda, dhania ya kutosha.

Nyama usichukue steki tupu. Mwambie wa bucha akupe sehemu ya shingo au bega yenye mafuta, kama sehemu moja ya mafuta kwa nne za nyama. Halafu hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui. Mashine yake ya kusaga huenda asubuhi ilitengeneza soseji, na soseji nyingi huwekwa unga wa mkate mkavu. Nenda mapema kabla hajaanza kazi, muombe aioshe mbele yako. Akinung'unika, nunua nyama nzima uikatekate mwenyewe nyumbani kwa kisu kizito. Inachosha mkono, ila mimi naiona tamu zaidi.

Mitego mingine imo kwenye kabati lako. Unga wa mchuzi na vile vipande vya supu, geuza pakiti usome, na ukiona ngano au neno lolote la kimea, weka chini. Sosi ya soya ya kawaida huchachushwa na ngano. Siki ya kahawia ya kimea ni shayiri, tumia siki nyeupe. Bia vilevile ni shayiri, hiyo hiyo inayolimwa huku Mau Narok, kwa hiyo baba mkwe asimsogezee mwanawe chupa. Wakati nikipika hotelini, watalii waliokuja kuona flamingo walikuwa wakinikabidhi vikadi vilivyoandikwa wasichokula, na sosi ndiyo iliyokuwa ikinihangaisha kuliko chakula chenyewe.

Vyombo vya mbao ndivyo vibaya zaidi. Kibao cha kusukumia chapati, mwiko wa zamani, chekecheo la unga, vyote vifungie mbali wiki hii. Nunua mwiko mpya na ubao mpya, viwe vya mkwe wangu daima. Sufuria za chuma ukizisugua vizuri kwa sabuni hazina neno.

Kuchanganya: piga mayai, yatie kwenye wali uliopoa pamoja na kitunguu, chumvi na viungo, kisha nyama iingie mwisho, ikiwa baridi kutoka friji. Tumia vidole, usikande. Ukikanda kama unga wa chapati, chumvi itaivuta protini ya nyama na mkate utatoka mgumu wa kuruka, kama soseji. Ukiona vimechanganyika, acha. Kaanga kijipande kimoja uonje chumvi, nyama mbichi haionjwi.

Wewe umeniambia watu kumi. Chukua kilo mbili, lakini tengeneza mikate miwili ya kilo moja moja, maana mmoja mkubwa utakauka nje kabla ya kuiva ndani. Usitumie ule mkebe wa keki, pembe zake zina unga ulioungua wa miaka. Tandika foili kwenye trei, ufinyange kwa mikono iliyolowa maji, upate umbo la mkate wenye mgongo. Hivyo mafuta yanachuruzika na ngozi inakauka pande zote. Oveni iwe nyuzi 180. Baada ya dakika 40 upake sosi: nyanya zilizochemshwa hadi ziwe nzito, sukari kidogo, siki nyeupe, pilipili ukithubutu. Rudisha kwa dakika 20 nyingine. Ukiwa na kipimajoto, katikati iwe imefika nyuzi 71. Huna, choma kwa kisu, maji yakitoka meupe bila uwekundu umeiva. Gesi ikiisha, sufuria kubwa yenye mchanga moto, trei ndogo juu yake, mfuniko na makaa juu, unajua hiyo.

Ukiutoa, usiukate. Dakika 15 ukae, hata kama baba mkwe anapiga miayo kwa njaa. Ukikatwa ukiwa moto utamwaga mchuzi wote mezani na kuvunjika.

Kando yake weka mboga ya managu yenye maziwa, viazi vya kuchemsha, wali uliobaki. Ugali najua wakwe zako hawataondoka bila kuuona, ila unga soma pakiti, viwanda vingi vya mahindi vinasaga na ngano pia. Ukikosa wa uhakika, ugali uwepo lakini yeye ale viazi, na mwiko wa ugali usiguse sahani yake.

Zimebaki chapati. Mama mkwe hajawahi kuja mikono mitupu, nawe hutaweza kumkataza. Mume wako ndiye ampigie mamake simu kabla ya Jumamosi, si wewe. Akizileta hata hivyo, zipokee kwa mikono miwili, uzifunike, uziweke kwenye ile meza ndogo ya sebuleni pamoja na sahani zake, na anayezitaka aende huko kuzichukua. Mkwe wangu apakuliwe kwanza, kabla mikono ya watoto haijaanza kutembea kwenye vyombo.

Oveni ikikusumbua nipigie hata usiku, niko macho.

Baba yako