Mtoto wako akitimiza miaka 18 Texas, usikimbilie mahakamani

Wazazi wenzangu wa Houston, Dallas na kwingineko Texas, hasa mlio na watoto wenye ulemavu wa akili: siku mtoto anapotimiza miaka 18, sheria inamhesabu kuwa mtu mzima kama mwingine yeyote. Daktari anahitaji ruhusa yake kabla ya kukupa taarifa zake, na haki zako za mzazi katika mpango wake wa elimu maalumu zinahamia kwake. Ndipo mtu anakushauri uende mahakamani ukaombe ulezi wa kisheria, yaani mamlaka ya kumwamulia mambo yake. Nawasihi mngoje kidogo. Ulezi unaweza kumpokonya mwanao haki ya kupiga kura, kuoa au kuolewa, hata kuchagua pa kuishi, na kuuondoa baadaye ni kesi nyingine.

Njia nyingine ipo tangu 2015, na Texas ndilo jimbo la kwanza Marekani kuitungia sheria: makubaliano ya kusaidiwa kufanya maamuzi. Utayakuta kwenye Sheria ya Mirathi ya Texas, Sura ya 1357.

Masharti ni machache. Anayesaidiwa awe mtu mzima mwenye ulemavu, aingie kwa hiari, bila kulazimishwa wala kushinikizwa. Yeye na msaidizi wake watie sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, wasio chini ya miaka 14, au mbele ya notari, ofisa anayethibitisha sahihi. Jaji hahusiki, na wakili si lazima. Mfano wa fomu umo ndani ya sheria yenyewe, na shirika la kutetea haki za watu wenye ulemavu, Disability Rights Texas, wanaitoa bure.

Lililo gumu ni hilo la hiari, maana kwetu mzazi kumsemea mwanawe huonekana ndiyo mapenzi. Mimi na kijana wangu tuliisoma fomu mezani, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nimsaidie kupata chakula, mavazi na makazi? Ndiyo. Afya? Ndiyo. Fedha? Akatulia na kalamu mkononi, kisha akaweka alama kwenye hapana. Mshahara wake wa dukani ni wake, alisema. Shangazi yake akanitazama, akitaka nimgeuze. Nilimwambia wifi tuiache kama ilivyo. Ningemshinikiza pale, makubaliano yasingekuwa halali, tena yasingekuwa yake.

Msaidizi kazi yake ni kumsaidia kukusanya taarifa, kumweleza njia zilizopo na matokeo yake, na kumsaidia kuufikisha uamuzi wake kwa wengine. Kuamua kwa niaba yake hairuhusiwi, na fomu inalisema hilo waziwazi.

Msisahau viambatisho. Makubaliano peke yake yasiwape matumaini kwamba hospitali itafungua faili. Ambatisheni ruhusa ya taarifa za afya chini ya HIPAA, sheria ya faragha ya taarifa za afya, na ya kumbukumbu za shule chini ya FERPA, sheria ya faragha ya kumbukumbu za wanafunzi, zote kwa sahihi yake. Kliniki moja ilinikatalia mapokezini hadi nilipotoa karatasi ya HIPAA. Tangu hapo nakala zinakaa kwenye mkoba wangu.

Kama anapokea SSI, malipo ya serikali kwa watu wenye ulemavu na kipato kidogo, jueni kwamba ofisi ya Social Security ina utaratibu wake wa mtu wa kumpokelea malipo. Makubaliano haya hayakupi nafasi hiyo, unaiomba kwao.

Na kama msaidizi ni ndugu usiyemwamini sana, sheria imeweka breki. Mwanao au msaidizi anaweza kuyavunja makubaliano wakati wowote, na yanakoma pia idara ya ulinzi wa familia ya jimbo ikithibitisha kwamba msaidizi amemdhulumu, amemtelekeza au amemnyonya. Mwanao aambiwe hayo kabla hajatia sahihi, na akiwa na mtu mwingine anayemwamini, huyo naye awe na nakala.