Usikimbilie minyororo: kwa wanaoanza kazi kwenye makumbusho ya utumwa ulioendeshwa na Wafaransa

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo ya kazi za makumbusho, hasa mliopangiwa visiwa vya Réunion na Mauritius katika Bahari ya Hindi, au Nantes huko Ufaransa, nawajua. Wiki ya kwanza mtaomba mwonyeshwe minyororo. Mimi niliomba siku ya pili. Mama aliyekuwa msimamizi wangu akanipeleka bohari, akavuta droo, akaniambia: "Haya, niambie pingu hii ilifunga mguu wa nani." Nikaanza kujibu, akanikatiza. Ilinunuliwa kwa muuza vitu vya kale. Haina hati, haina jina la meli wala la shamba. Yawezekana ni ya gerezani, na yawezekana imefuliwa juzi na mhunzi anayejua kwamba wageni hupenda kutu. Tangu siku ile sijathubutu kuandika "pingu ya mtumwa" kwenye lebo ya chuma kisicho na karatasi yake.

Mtakavyokuta kwa wingi ni vitu vya mabwana. Nendeni Villèle, juu ya Saint-Gilles huko Réunion, kwenye nyumba ya ukoo wa Desbassayns iliyojengwa 1787. Ndani kuna samani nzuri na vyombo vya kauri vilivyosafirishwa kutoka mbali. Bibi mwenye nyumba, Ombline Desbassayns, alifariki 1846, miaka miwili tu kabla Wafaransa hawajafuta utumwa kwenye makoloni yao. Yeye tunamjua kwa jina, kwa ukoo, hata kwa hadithi za kuwatishia watoto zinazosimuliwa hadi leo kisiwani. Waliolima miwa yake hawakuacha kabati la vyombo.

Walichoachiwa ni mistari ya daftari la sensa. Ombeni mwonyeshwe karatasi hizo kabla ya kugusa sahani yoyote. Kila mwenye shamba aliorodhesha watu wake: jina, jinsia, umri, kazi, na safu moja iliyoitwa "caste", yaani asili ya mtu. Katika safu hiyo utasoma Créole (mzaliwa wa kisiwani), Malgache (Mmalagasi), Indien (Mhindi), Cafre (mtu wa bara la Afrika). Hilo la mwisho litakuchoma sikio, maana ni lile lile kafiri la Kiarabu, lililopitia vinywa vya Wareno hadi kwa Wafaransa. Mmakua, Myao, Mmakonde, wote walitumbukizwa kwenye gunia hilo moja. Lakini tahadhari: Réunion ya leo neno hilo, kwa umbo la Kaf, hutamkwa bila aibu na wenyewe, na tarehe 20 Desemba, siku ukombozi ulipotangazwa kisiwani 1848, wengi huiita Fèt Kaf, sikukuu ya Kaf. Usiende kumsahihisha bibi wa watu sokoni. Kwenye lebo, hapo ndipo pa kueleza neno lilikotoka na nani aliliandika.

Sasa la Kilwa, maana ndilo lililoninyima usingizi. Mimi ni mtoto wa Kilwa Masoko. Nilikwenda Ufaransa na kidole kimenyooka, tayari kumwonyesha kila mtu. Kisha darasani tukasomeshwa mkataba wa 1776. Mfaransa Jean-Vincent Morice, tabibu wa merikebu aliyegeuka mfanyabiashara, anakubaliana na Sultani wa Kilwa, Hasan bin Ibrahim, apewe watu 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 (sarafu za fedha za wakati ule) kila mmoja, na sultani apate zawadi ya piasta 2 kwa kila kichwa. Walikuwa wanapelekwa Île de France, yaani Mauritius ya leo, na Bourbon, ambayo ndiyo Réunion. Mwenzangu mmoja akanigeukia, bila ubaya wowote, akaniuliza: "Kilwa si ndiko kwenu?" Kidole kikajikunja chenyewe.

Mtaulizwa hivyo hivyo, kwa hiyo jiandaeni. Mkataba ule usiufiche. Wala usimwachie anayeutaka uwe fimbo ya kusema "Waafrika walijiuza wenyewe". Aliyetia sahihi alikuwa mtawala wa mji wa pwani, na wengi wa waliouzwa walikuwa watu wa bara ambao hakuna aliyewauliza chochote. Aliyevuka bahari na fedha mkononi alikuwa anatafuta mikono ya kulima mashamba ya Wafaransa. Sema yote mawili kwa pumzi moja, mgeni atakuamini zaidi kuliko ukimpa nusu.

Kiswahili kitakusaidia, ila kina mitego yake. Neno "mtumwa" linakuja haraka mno mdomoni. Wafaransa siku hizi wanabishana kama waandike "esclave" au waandike mtu aliyefanywa mtumwa, na kwetu ubishi huo unafaa pia, kwa sababu kwenye rejista moja utakuta seremala, mpishi, mkunga, na wote lebo ya zamani imewaita watumwa basi. Mimi huanza na kazi yake, kisha nasema alimilikiwa na nani. Na kuna neno ambalo wenzetu hawana: mjoli. Watu wawili waliomilikiwa na bwana mmoja waliitana wajoli. Nilipolieleza kwenye kikao, chumba kizima kilinyamaza, halafu mtu akauliza linaandikwaje.

Mtego mkubwa ni ule wa kusikia maneno ya nyumbani kila mahali. Ulinikamata mbele za watu. Jumamosi moja nikiwaongoza wageni, tulifika kwenye kayamb, ile ala bapa kama trei inayotikiswa kwenye maloya, muziki wa Réunion uliotokana na watumwa. Nikatangaza kwa majivuno kwamba hii ni kayamba yetu ya pwani, imevuka bahari kama ilivyo. Mzee mmoja, mpigaji wa maloya mwenyewe, alisubiri wenzake wapite, akaniuliza: "Imetengenezwa kwa nini?" Nikajibu matete. Akacheka hadi akashika ukuta. Ni mabua ya ua la muwa, akaniambia, na ndani mna mbegu. Kisha akanionyesha rouler, ngoma kubwa ambayo mpigaji huikalia kama farasi: hiyo asili yake ni pipa.

Nilijifunza pale kuliko muhula mzima. Jina huenda lilisafiri kutoka upande wetu, lakini waliolitamka kule walichukua bua la muwa, zao lile lile lililokuwa linawaua, na pipa la bwana, wakatoa muziki. Na si sisi peke yetu tuliochangia. Wamalagasi walipelekwa Réunion kwa wingi, na ramani ya milima ya kisiwa imejaa maneno yao, kama Cilaos na Mafate, huko walikojificha waliotoroka mashamba. Kwa hiyo neno likikugusa sikio, liandike kwanza kwenye daftari. Tafuta Kimalagasi kinasemaje, Kimakua kinasemaje, ndipo ufungue mdomo. Kwa penseli, tafadhali. Kalamu ya wino haiingii bohari. (Glavu, picha kabla ya kugusa, unyevu, mchwa: hayo mtafundishwa na kila mtu hadi mchoke, sitayarudia.)

Maloya iliingia kwenye orodha ya UNESCO 2009, na tangu hapo kila makumbusho yanataka kayamb ukutani. Sawa. Lakini muziki huo pia hupigwa kwenye servis kabaré, ibada ya usiku ya kuwakumbuka mababu. Chombo kilichotoka kwenye ibada hiyo usikiweke kwenye kabati la kioo kabla ya kuongea na familia iliyokitoa. Ukiambiwa kisipigwe picha, kisipigwe, hata kama mkurugenzi anataka bango.

Kuhusu picha za kuchora za ukombozi, mtaziona nyingi na zinafanana. Alphonse Garreau alichora moja 1849: gavana wa Réunion, Sarda Garriga, amesimama, waliokombolewa wamemzunguka kwa shukrani. Waonyesheni wageni, kisha waambieni jambo ambalo halimo pichani: gavana huyo huyo alikuwa ameagiza kila anayekombolewa awe na mkataba wa kazi kabla siku yenyewe haijafika. Watu wapatao 62,000 waliupata uhuru Desemba ile, na wengi walirudi kwenye miwa ile ile.

Ukichoka na huzuni, na utachoka, nenda ukasome habari za Edmond Albius. Alizaliwa utumwani Sainte-Suzanne, na 1841, akiwa na miaka 12, aligundua namna rahisi ya kuchavusha vanila kwa kijiti na kidole gumba. Nilimweleza rafiki yangu wa Bukoba ambaye mama yake analima vanila. Akaniambia mama yake hufanya hivyo hivyo kila asubuhi maua yakifunguka. Albius mwenyewe alikufa maskini, 1880.

Nimeweka mwisho kitu ninachokipenda kuliko vyote, nacho hakipo Réunion. Katika mkusanyo wa ngome ya kifalme ya Blois, Ufaransa, kuna vichwa vya plasta. Mwaka 1846, msomi Eugène Huet de Froberville aliwapaka plasta usoni watu waliotoka Afrika Mashariki wakaishia Mauritius, akapata sura zao zilivyo, macho yamefumbwa kwa sababu ya plasta mbichi. Nembo na chale zimebaki kwenye ngozi ile nyeupe ya plasta. Nia yake ilikuwa ile ya wasomi wa zama zake, kupanga watu kwa makabila kama mtu anavyopanga vipepeo. Lakini alifanya jambo ambalo mabwana wa mashamba hawakulifanya: aliwauliza walikotoka, akaandika majina yao na maneno ya lugha zao.

Aliandika kwa tahajia ya Kifaransa, kwa hiyo mjue kwamba "ou" ni u na "dj" ni j. Katika maandishi yake kuna neno "Amakoua". Nilikuwa nimezoea kuona "Makoua" kila mahali, nikadhani ile A ni kosa la uchapaji. Usiku nikampigia rafiki yangu wa Masasi, Mmakua, nikamsomea kama lilivyo. Akakaa kimya kidogo. "Hiyo A haijakosewa," akasema, "ndivyo sisi wenyewe tunavyojiita. Huyo mzungu aliambiwa na mtu wetu." Akalitamka tena taratibu, na h laini katikati ambayo Mfaransa hakuisikia. Nikaliandika kwenye daftari kama alivyolitamka, nikaweka tarehe, na kwamba nimelisikia kwa simu kutoka Masasi.