Lakteti ikipanda, usikimbilie dripu

Nilikuwa na miezi michache tu kwenye wodi ya wagonjwa mahututi nilipomjaza mama mmoja maji mpaka mapafu yakaanza kukoroma. Alikuja na maambukizi ya njia ya mkojo yaliyokwishaingia kwenye damu. Lakteti, kemikali ambayo seli huitoa zikivunja sukari, ilikuwa 4.6 kwenye damu. Nikaagiza lita ya dripu, nikapima tena: 4.9. Nikaongeza lita nyingine: 5.2. Kila namba ilipopanda nilifungua dripu zaidi, maana chuoni nilikariri kwamba lakteti ni kilio cha seli zilizokosa oksijeni.

Sista wa zamu ya usiku, aliyeanza kazi hiyo kabla mimi sijaanza shule, alimfunua shuka miguuni. "Daktari, hebu mguse kwanza." Miguu ilikuwa ya moto. Nikabonyeza kidole cha mkono, nikaachia, rangi ikarudi kabla sijafika mbili. Mkojo ulikuwa unatoka vizuri. Kisha akaelekeza kidevu kwenye pampu ya pembeni: adrenalini, niliyoianzisha mwenyewe saa tatu kabla ili kupandisha presha.

"Na hiyo je?"

Tulifunga dripu ya kasi, tukabadilisha adrenalini kwa noradrenalini, dawa nyingine ya kupandisha presha, antibiotiki zikaendelea. Lakteti ilianza kushuka bila tone la maji ya ziada. Toka siku hiyo nikaacha kuisoma namba ile kama nilivyofundishwa, na ndiyo sababu ya kuandika haya kwa wadogo zangu wanaoanza zamu.

Sukari ikiingia kwenye seli huvunjwa kuwa pairuveti. Pairuveti ina njia mbili: iingie kwenye mitokondria, viwanda vya nishati ndani ya seli, ichomwe kwa oksijeni, au igeuke lakteti. Sisi tuliambiwa njia ya pili ni ya dharura, oksijeni ikikosekana. Kumbe mwili hutengeneza lakteti mchana na usiku, hata ukiwa umelala, kiasi cha milimoli 1,500 kwa siku kwa mtu mzima, na bado kwenye damu utakuta chini ya 2 kwa lita. Zinakwenda wapi? Sehemu kubwa huchukuliwa na ini na kurudishwa kuwa sukari, mzunguko unaoitwa kwa jina la Carl na Gerty Cori, mume na mke walioshinda Nobel mwaka 1947. Figo husaidia. Moyo huitumia kama nishati. Kwa hiyo jibu la maabara ni salio tu. Halikuambii kilichoingia wala kilichotoka.

Kwenye sepsisi, yaani maambukizi yanapovuruga mwili mzima kama ya yule mama, vyote viwili huvurugika. Adrenalini, iwe ya mwili wenyewe au ya kwenye pampu yako, huamsha vipokezi vya beta-2 kwenye misuli. Pampu za sodiamu na potasiamu kwenye kuta za seli zinaenda mbio, nazo hupenda nishati ya haraka ya kuvunja sukari. Lakteti inamwagika huku oksijeni ipo tele. Seli za kinga nazo zikishachachamaa huchoma sukari kwa njia hiyohiyo. Kimeng'enya kinachofungua mlango wa mitokondria hubanwa, pairuveti inarundikana nje. Na ini, likiwa limechoka au halipati damu ya kutosha, hukusanya kidogo kuliko kawaida.

Sisemi oksijeni haihusiki. Mgonjwa mwenye miguu baridi, mabaka ya zambarau magotini na kidole kinachochelewa kurudisha rangi, huyo mzunguko wake wa damu umekwama na huenda maji yatamsaidia. Ndiyo maana naanza na mkono wangu kabla ya karatasi ya maabara. Bonyeza ncha ya kidole sekunde 10, achia, hesabu. Ikizidi 3, shtuka. Utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK, uliotoka mwaka 2019 kutoka Amerika Kusini ukiwa na wagonjwa 424, ulilinganisha matibabu yanayoongozwa na kidole na yanayoongozwa na lakteti. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 34.9 upande wa kidole na 43.4 upande wa lakteti. Kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kutangaza mshindi, lakini waliofuata kidole walipewa maji machache zaidi saa 8 za mwanzo. Mimi ilinitosha.

Halafu sampuli. Majibu ya ajabu mengi niliyowahi kupata yalitengenezwa na sisi wenyewe. Usivute damu kwenye mkono wenye dripu. Usiuache mpira umebana mkono muda mrefu. Tumia chupa yenye floridi, kwa kawaida ile ya kifuniko cha kijivu, kwa sababu chembe za damu zinaendelea kula sukari ndani ya chupa na lakteti inapanda mezani huku mgonjwa hajabadilika hata kidogo. Kama huna, weka kwenye barafu na uikimbize maabara. Na uliza dawa: salbutamol ya mgonjwa wa pumu hupandisha, na mtu aliyetoka kupata degedege usishangae kumkuta na 8 au 10 inayoshuka yenyewe ndani ya saa chache.

Swali ninaloulizwa sana ni kama Ringer's lactate, dripu yenye lakteti ndani yake, humwongezea mgonjwa sumu. Hapana. Iliyomo ni sodiamu lakteti, milimoli 28 hivi kwa lita, siyo asidi, na mwili unaoweza kushughulikia 1,500 kwa siku haubabaishwi na hiyo. Lawama hii ya lakteti ni ya zamani mno. Mwaka 1843 Mjerumani Johann Joseph Scherer aliikuta kwenye damu ya wanawake waliokufa kwa homa ya uzazi, na tangu hapo imekuwa mshukiwa wa kwanza kila kunapotokea kifo.

Lakini usije ukaidharau pia, kosa hilo nalo nimelifanya. Kijana mwenye nimonia, presha 118 kwa 70, anazungumza, anacheka na ndugu zake. Lakteti 4.3. Nikasema tutapima kesho. Saa mbili baadaye presha ilikuwa imeporomoka, antibiotiki hata hazijafunguliwa. Adrenalini yake mwenyewe ndiyo ilikuwa imemshikilia muda wote ule, na namba ilikuwa inaniambia hivyo. Alipona, ila kwa shida. Siku hizi mgonjwa wa aina hiyo antibiotiki anapata ndani ya saa ya kwanza, lakteti narudia baada ya saa mbili, na kitanda chake nakisogeza karibu na meza ya wauguzi.