Jambia la safarini lina kutu

SWALI: Nilinunua jambia kuukuu safarini, lenye ala ya ngozi. Bapa lina kutu. Nilisugue kwa msasa?

JIBU: Msasa hapana! Ule weusi uliotulia juu ya chuma ndio umri wake, na wakusanyaji wanaulipia. Adui ni kutu nyekundu inayoacha unga kidoleni. Ipake mafuta mepesi ya mashine, iache siku nzima, kisha ikwangue taratibu kwa kijiti cha mwanzi, ukifuata urefu wa bapa. Rudia hadi unga uishe. Futa kwa kitambaa cha pamba na uache mafuta kiduchu tu. Yakizidi hunasa vumbi. Usishike chuma kwa mkono mtupu, maana chumvi ya jasho huchora alama za vidole kwa kutu. Wala usilihifadhi alani: ngozi hunywa unyevu, na dawa zilizoilainisha hula chuma.

Mpini uchunguze kabla ya kuvuka mpaka tena. Ukiwa wa pembe ya ndovu au kipusa (pembe ya kifaru), unaingia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kutumika 1975. Bila kibali utanyang'anywa. Kwenye ndege, jambia huenda kwenye mzigo wa chini, ncha ikiwa imefungwa.