Kelele Redioni? Subiri Stima Ipotee

Mimi ni mwanaredio wa ridhaa: natuma na kupokea mawasiliano ya redio kwa kujifurahisha tu. Kwa karibu miezi miwili bendi yangu ya mita 40, yaani fungu la masafa kati ya megahezi 7.0 na 7.2, lilijaa mlio kama mvua juu ya mabati. Stesheni za Uganda na Afrika Kusini nilizozoea kuzisikia jioni zikazama kabisa. Nilishusha antena, nikalehemu viungo upya, nikabadilisha kebo. Pesa ikaenda, kelele ikabaki. Iliniuma sana, maana redio ndiyo pumziko langu.

Kisha jioni moja mtaa wetu wa Lanet, hapa Nakuru, ukaingia giza. Redio yangu hutumia betri ya gari, kwa hiyo iliendelea kuwaka. Kimya! Nikasikia hadi telegrafu za mbali. Stima iliporudi, mlio haukurudi papo hapo. Ulikawia kama dakika moja ndipo ukaingia. Hapo nikang'amua: kuna kifaa kinachowaka, kisha kinamtafuta mwenzake.

Nawe ukisumbuliwa, usianze na antena. Washa redio kwa betri, uzime meni swichi ya nyumba yako. Mlio ukikoma, chanzo kiko kwako: chaja, taa za LED, runinga, chomoa kimoja kimoja. Wangu haukukoma. Nikachukua redio ndogo ya transista yenye mawimbi mafupi, nikatembea nayo koridoni mwa ploti, na mlio ukapanda kwenye mlango wa tatu.

Jirani alikuwa amenunua adapta mbili za kupitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme, ili ifike chumba cha nyuma. Vifaa hivi hutuma data kwa masafa ya kuanzia megahezi 2 hivi hadi 30 na zaidi, na bendi zetu nyingi zimo humo humo. Waya wa umeme hauna ganda la kuzuia mawimbi kama kebo ya antena, basi nao unageuka antena. Mita ya stima nayo haizuii kitu. Adapta nzuri huacha mapengo, yaani hazitumi data kwenye bendi za redio ya ridhaa, hizo hazikuacha.

Marekani walikuwa na mzozo mkubwa zaidi, wa intaneti kwenye nyaya za nguzoni. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ilitoa kanuni mwaka 2004, chama cha wanaredio wa ridhaa, ARRL, kikaenda mahakamani, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikasema FCC ilikosea kuficha sehemu za tafiti zake. Mji wa Manassas, Virginia, ulifunga mtandao wake wa aina hiyo mwaka 2010. Ya kwenye ploti yanahitaji mazungumzo tu.

Hata kama una leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano na ishara yako ya kujitambulisha hewani inaanza na 5Z4, kama za Kenya, usibishe hodi na sheria mkononi. Mimi nilisema, "Baba Wanjiru, habari ya jioni. Naomba dakika mbili usikie kitu." Akachomoa adapta, akachomeka, akasikia mwenyewe. Kisha akaniuliza, "Sasa mbona intaneti yangu hukatika kila usiku saa mbili?"

Nilimwambia ukweli: ni mimi, nikianza kutuma redioni, mawimbi yangu nayo yanaingia kwenye nyaya zake.

Nilinunua waya wa mtandao wa mita 15 uchukue nafasi ya adapta, tukaupitisha pamoja juu ya dari Jumamosi asubuhi. Usiku huo, saa mbili, nilituma. Intaneti yake haikukatika.