Mteja anayewatukana saisi: farasi wake, deni lake na geti lako

SWALI: Ninasimamia zizi la kutunza farasi wa watu karibu na Njoro, Kenya. Tuko na farasi 11, na mteja mmoja ana wawili. Huwafokea saisi (watunza farasi wetu) mbele ya wateja wengine, huwaita wajinga, na huwapigia simu saa tano usiku. Anadai tunawakondesha farasi wake, anaamuru waongezewe mahindi, na anataka walale nje malishoni. Wiki jana alimrushia saisi ndoo ikampiga mkononi. Ana deni la miezi 2, shilingi 120,000. Saisi huyo anasema ataacha kazi. Hatukuandikiana mkataba. Je, naweza kuwazuia farasi mpaka alipe? Na nimtoeje bila vita?

JIBU: Tuanze na ndoo. Deni linaweza kungoja.

Saisi aende hospitali hata kama mkono umevimba kidogo tu, kisha aende kituo cha polisi aandikishe na apewe namba ya OB (kitabu cha matukio). Akiwa na jeraha, aombe fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha jeraha, ijazwe na daktari. Kumshambulia mtu ni kosa chini ya kifungu cha 250 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, hata pasipo jeraha. Likiwepo jeraha kinaingia kifungu cha 251, ambacho kifungo chake kinafika miaka 5. Mlalamikaji ni saisi mwenyewe. Wewe ni shahidi. Usimwambie "tumsamehe, ni mteja": uamuzi huo si wako, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakupa wewe mwenye mahali pa kazi jukumu la usalama wake.

Kila aliyeona aandike peke yake, bila kuulizana: siku, saa, mahali aliposimama, na maneno yenyewe. "Alimtukana" haimsaidii mtu yeyote baadaye. Kama alisema "wewe mbwa, nitakufukuzisha kazi", iandikwe hivyo hivyo. Mkono upigwe picha leo na baada ya siku mbili, kwa sababu uvimbe na weusi mara nyingi huonekana zaidi siku inayofuata.

Kuanzia sasa mteja huyo haingii zizini bila miadi. Mpe saa maalumu, tuseme Jumamosi saa tatu hadi saa tano asubuhi, wakati malisho ya asubuhi yamekwisha na mabanda yamefagiliwa, na wewe mwenyewe uwepo. Kumnyima kabisa kuwaona farasi wake ni kumpa hoja asiyokuwa nayo.

Akianza kufoka farasi akiwa amefungwa ili apigwe brashi au atandikwe, mwondoe farasi kwanza. Watu wengi hukosea hapa: wanajibizana ushorobani huku mnyama wa kilo 400 na ushei yuko katikati yao, masikio yamelala nyuma, anavuta kamba. Sauti kali humshtua farasi, na anayepigwa teke si lazima awe yule aliyepiga kelele. Saisi amrudishe bandani, afunge komeo, atoke. Wewe simama upande ulio wazi, usimzibie mteja njia ya kutokea, na useme sentensi chache tu: "Farasi amekula na ana maji. Sitazungumza kwa sauti hii. Niandikie, nitakujibu kesho kabla ya saa nne." Kisha ondoka. Usieleze, usijitetee. Kila neno unaloongeza anapata la kushikia. Saisi naye awe na sentensi moja tu: "Maagizo yanapitia kwa meneja," halafu atembee hadi ofisini.

Simu za usiku zina dawa rahisi. Namba za saisi zisiwe kwa wateja. Nunua laini ya zizi, iwe ya ujumbe tu, na izimwe saa moja jioni. Dharura ya farasi ni wewe unayempigia mteja, si yeye anayekupigia.

Sasa hili la kukonda, maana ndilo kiini cha ugomvi, na kuna uwezekano kwamba anasema kweli. Kabla hujamwita mkorofi, pima farasi. Hamna mizani ya ng'ombe hapo zizini? Tumia utepe laini wa kupimia unaofika mita 2. Pima mzunguko wa kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, farasi akiwa ametoa pumzi, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 11,880. Mzunguko wa 178 na urefu wa 160 unakupa kilo 427 hivi. Jibu hilo ni makadirio, kwa hiyo kinachofaa ni kulinganisha: mtu yule yule apime, saa ile ile, kila baada ya wiki 2. Pitisha pia vidole ubavuni. Mbavu zinazohisika kwa wepesi lakini hazionekani ni hali nzuri, alama 5 katika kipimo cha 1 hadi 9 wanachotumia madaktari wa mifugo. Zikionekana ukiwa umesimama getini, mteja ana haki ya kulalamika, ingawa hana haki ya kurusha ndoo.

Farasi wa kilo 427 anahitaji nyasi kavu zisizopungua kilo 8.5 kwa siku, yaani kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake. Zipime kwa mizani ya kuning'iniza, ndani ya gunia. Marobota ya nyasi za Boma Rhodes hayalingani uzito, kwa hiyo "nusu robota" si kipimo. Akikonda na nyasi zinatosha, angalia meno, kisha kinyesi kwa minyoo, kisha homa ya kupe, kabla ya kugusa nafaka.

Na mahindi? Kataa, umweleze sababu kwa tarakimu. Gorogoro moja (kopo la kupimia nafaka) ya mahindi ni kama kilo 2, na karibu theluthi mbili yake ni wanga. Kwa farasi huyu hiyo ni zaidi ya gramu 3 za wanga kwa kila kilo ya mwili katika mlo mmoja, wakati kiwango cha tahadhari ni gramu 1, na 2 ni mwisho. Utumbo mwembamba hauwezi kuumaliza. Unaobaki huteremka hadi utumbo mpana, unachachuka, asidi inapanda, na hapo ndipo yanapotoka maumivu ya tumbo na ugonjwa wa kwato unaomfanya farasi asimame ameegemea visigino. Ubaya wa gorogoro ni kwamba ileile ikijazwa pumba ya ngano haifiki hata nusu ya uzito huo, hivyo saisi anayeambiwa "mpe gorogoro moja" anaweza kuua bila kujua. Chakula kikibadilika, kibadilike polepole kwa siku 7 hadi 10. Andika kadi ya malisho, itundike mlangoni pa kila banda, na isibadilishwe na mtu ila kwa sahihi yako.

Kulala nje ni suala la daktari, si la mapenzi. Visubi wanaoambukiza ugonjwa wa farasi wa Kiafrika huuma kuanzia machweo hadi alfajiri, na huongezeka mvua zikinyesha. Farasi waingie bandani kabla ya jua kuzama na watoke jua likiwa limepanda, hata wakiwa wamechanjwa. Iandike iwe kanuni ya zizi zima, ili unapomkatalia yeye isiwe wewe na yeye.

Tuje kwenye deni. Hapana, usiwazuie. Kanuni ya zamani ya sheria ya Kiingereza, ambayo mahakama zetu pia zinaweza kuifuata, ni kwamba anayelisha na kulaza tu mnyama wa mtu hapati haki ya kumshikilia kwa ajili ya deni, isipokuwa walikubaliana hivyo. Fundi wa gari anaweza kulizuia gari kwa sababu kazi yake imeliongezea thamani. Nyasi zako zimemweka farasi alivyokuwa. Wewe huna hata karatasi. Ukifunga geti, atakuja na askari, na mwenye makosa utakuwa wewe. Kupunguza malisho ili alipe ni kubaya zaidi: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, itakuhusu wewe uliye na farasi mikononi, wala haitauliza nani anadaiwa.

Njia ya deni ni barua ya madai yenye siku 14, kisha Mahakama ya Madai Madogo. Iko Nakuru, inashughulikia madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa kwa dai. Mapatano ya mdomo ni mkataba pia. Ushahidi wake ni taarifa ya M-Pesa inayoonyesha alikuwa akilipa 60,000 kila mwezi, kadi za malisho, na ujumbe wa WhatsApp. Ujumbe uliochapishwa uambatane na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: simu gani, nani aliutoa, ulichapishwaje, na sahihi. Wengi hukisahau, halafu upande wa pili unaomba karatasi zote zitupwe.

Usichanganye madai haya na ndoo. Deni ni kesi yako. Shambulio ni la saisi, lipo polisi. Usiandike kamwe "ukilipa, tutaondoa ripoti". Sentensi hiyo moja inakugeuza wewe kuwa mtishaji.

Barua ya kumtoa iwe fupi. Kwa mtu anayelipa kwa mwezi, siku 30 ni notisi isiyoleta ubishi. Ukitaka kuipunguza kwa sababu ya ndoo, mwone wakili kwanza. Iwe hivi: "Tunasitisha huduma ya kuwatunza farasi wako wawili. Siku ya mwisho ni tarehe 30. Hadi siku hiyo watalishwa na kutunzwa kama kawaida. Utawaona Jumamosi saa tatu hadi saa tano, meneja akiwepo. Baada ya tarehe hiyo kila farasi atatozwa shilingi 1,000 kwa siku. Deni la 120,000 linadaiwa kwa barua tofauti." Hakuna "kwa tabia yako mbaya", hakuna "tumevumilia vya kutosha". Tuma kwa WhatsApp na barua pepe, na nakala iletwe kwa mkono ili asaini kupokea. Akikataa, aliyeipeleka aandike saa na mahali alipokataa. Akilipua kikundi cha WhatsApp cha wapanda farasi, jibu mara moja: "Suala hili tunalishughulikia na mhusika moja kwa moja." Msimamizi wa zizi lingine akikuuliza habari zake, taja tarehe alizokaa kwako na ukomee hapo.

Siku ya kuondoka, panga lori saa nne asubuhi, siku ambayo wateja wengine hawapandi. Kibali cha kusafirisha mifugo kiulizwe mapema kwa ofisi ya mifugo ya kaunti. Kabla lori halijafika, mpige picha za video kila farasi: pande zote mbili, macho, kwato nne zikiwa zimeinuliwa, kisha atembee na akimbie kidogo mahali pagumu, maana kilema huonekana hapo kuliko kwenye mchanga. Pima uzito kwa utepe mara ya mwisho. Andika yote kwenye ukurasa mmoja, pamoja na matandiko na hedikola (mikanda ya kichwani) zinazotoka, na aliyetumwa kuwachukua asaini. Mpe kadi za chanjo na nakala za kadi za malisho. Ongeza kilo 60 za nyasi kwa kila farasi, zile zile alizozoea, zimtoshe wiki moja huko aendako. Ndiyo, ana deni, na bado mpe. Farasi akiumwa tumbo siku ya tatu kwa kubadilishiwa nyasi ghafla, utapigiwa simu wewe.

Farasi 9 wanaobaki waandikiwe mikataba mwezi huu, kurasa 2 zinatosha: ada na tarehe ya kulipa, amana ya mwezi mmoja, malisho kwa kilo, nani anamwita daktari na hadi gharama gani bila kuuliza, saa za kufungua, notisi ya siku 30, haki ya zizi kumtoa mara moja anayempiga mfanyakazi, na kifungu cha kuzuia farasi kwa deni, ambacho wakili akipitie kabla hujakitegemea.

Na kabla barua ya notisi haijatoka, mwite yule saisi ofisini, funga mlango, umsomee barua hiyo. Huenda anataka kuacha kazi kwa sababu alidhani hakuna atakayeiandika.